Kigoda Chini ya Dirisha

Mkono wangu haukuumbwa kwa kuchora. Nikichora ng'ombe, watu huuliza kama ni meza. Ndiyo maana, nilipokuwa sekondari upande wa Iringa, nilichagua ile karatasi ya sanaa isiyodai penseli wala rangi: historia ya sanaa. Ilihusu makanisa ya Ulaya, sanamu za Wagiriki na picha ambazo Waitalia walichora ukutani karne nyingi zilizopita. Mwalimu wetu, Mwingereza mrefu ambaye soksi zake hazikukaa juu hata siku moja, aliipenda karatasi hiyo kuliko chakula. Wenzetu walikaa nje wakichora mitungi na maua, sisi wachache tukabaki naye darasani tukipokezana kitabu kimoja kikubwa cha picha. Mimi nilijiona nimeula.

Mwanzoni mwa mwaka wa mtihani mwalimu akaugua, akarudishwa kwao. Wenzangu wakahamia kwenye mitungi na maua bila kugeuka nyuma. Mimi na ng'ombe wangu tungehamia wapi? Masomo niliyoandikishwa yalikuwa yanatosha cheti kwa kugusa tu. Ukitoa moja, cheti hakuna. Na bila cheti hakuna kwenda chuo cha Uganda, ambacho kwa ujinga wa ujana nilikuwa nimeshakitangaza kijijini kwetu kana kwamba nimekwisha kulala kwenye mabweni yake. Mkuu wa shule aliniita ofisini.

"Tafuta mtu wa kukufundisha," aliniambia. "Ukimpata, utafanya mtihani. Ukirudi kutoka likizo ya katikati ya mwaka bila mwalimu, nitalifuta jina lako."

Akanikabidhi kile kitabu kikubwa nikitunze. Nadhani alinionea huruma, maana alijua kama nilivyojua mimi kwamba kuulizia mwalimu wa historia ya sanaa katika mji wa Iringa wa miaka ile ilikuwa ni kuulizia kitu ambacho hata jina lake watu hawalijui. Mwalimu wa historia aliniambia yeye ni wa vita na wafalme. Mwalimu wa jiografia alikifungua kitabu, akaona sanamu ya Mgiriki asiye na nguo, akakifunga taratibu.

Mtu mmoja alinishauri niende kwa padre Mwitaliano aliyekuwa akipaka picha kwenye kanisa la Wakatoliki, nje kidogo ya mji. Nilikwenda, lakini nilikwenda kwa kuibia. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti kule mlimani Rungwe, kanisa lenye kuta za chokaa nyeupe, msalaba mmoja wa mbao, basi. Baba alikuwa na msemo wake kwamba mtu akichorewa Mungu ukutani atakuwa mvivu wa kumtafuta. Njia nzima ya kwenda misheni nilihisi macho yake mgongoni, ingawa kati yetu kulikuwa na safari ya kutwa nzima ya basi. Mwenye hatia haulizwi, hujijibu mwenyewe.

Padre nilimkuta juu ya jukwaa la miti, rangi ya buluu imemwingia kwenye ndevu. Alinisikiliza bila kushuka.

"Kijana, picha hizi mimi nazijua tangu nanyonya," alisema. "Lakini mtihani wa Waingereza siujui. Nikikufundisha mimi, utajua kusali mbele ya picha. Wao watakuuliza kusali?"

Nikasema hapana, padre.

"Basi siyo mimi." Ila aliposhuka kunywa maji aliingia chumbani kwake, akaniletea bunda la kadi za picha lililofungwa kwa kitambaa. Alisema anazijua kwa moyo, hazina kazi tena kwake. Nikazificha ndani ya kitabu kikubwa, na kitabu nikakifunga ndani ya blanketi, na hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani likizo, nina picha lakini sina mwalimu.

Wakati wa likizo ile ya baridi, kwetu Rungwe mvua huwa haiishi. Si ile ya kishindo ya masika. Ni manyunyu na ukungu, nguo iliyofuliwa Jumatatu utaivaa Ijumaa ikiwa bado na ubichi. Ni wakati wa kuvuna kahawa pia. Nilimkuta mama amekaa na ungo magotini akichagua kahawa mbaya na nzuri. Nikamweleza masaibu yangu huku nikimsaidia, na nadhani nililalamika sana, kwa sababu alinikatiza.

"Mwalimu wa picha? Si huyo mke wa kaka yako."

Nikacheka.

"Unacheka nini? Unamwona anabeba kuni, unafikiri amezaliwa na kuni kichwani?"

Kwa kweli sikuwa najua. Kaka yangu mkubwa alikuwa utingo kwenye malori ya barabara ya Iringa kabla ya kwenda machimbo ya shaba Rhodesia, na huko barabarani, karibu na Nyololo, ndiko alikompata mkewe. Alipomleta nyumbani mimi nilikuwa shuleni. Nilichojua ni kwamba shemeji yangu alikuwa msichana wa watu wa Iringa, ana mtoto mdogo wa kiume, na mdomo wake haulali njaa. Kumbe alikuwa mwalimu mwenye cheti. Alisomea ualimu kwenye shule ya wasichana, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyefundisha kila kitu kwa picha, na alipomaliza yule mama alimbakiza kuwa msaidizi wake, akimfundisha zaidi na kumwazima vitabu vyake, mpaka kaka yangu alipotokea na lori.

Nilimfuata nyumbani kwake, nyumba ndogo iliyojengwa chini, nyuma ya migomba. Alizipokea kadi za padre, akazigeuza moja moja. Uso wake ulibadilika. Nimeshawaona watu wakipokea barua kutoka kwa ndugu wa mbali, uso wake ulikuwa hivyo.

"Nitakufundisha, shemeji," alisema. "Ila ukinipigia miayo nakufukuza, hata kama ungekuwa mdogo wa gavana."

Tulianza palepale, na palepale tukakwama. Nyumba yake haikuwa na dirisha. Migomba ilikuwa imefunika juu, moshi umejaa ndani, na zile picha zilikuwa ndogo na za rangi ya kahawia. Hatukujua malaika ni yupi na moshi ni upi. Nje manyunyu yalikuwa yanalowesha karatasi. Dirisha la kioo lilikuwa moja tu katika boma letu, nalo lilikuwa kwenye nyumba ya matofali ya baba.

Hapo inanibidi nieleze mila yetu, maana bila hiyo mtu hataelewa ubaya ulikuwa wapi. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mke wa mtoto wako hakutazami, hakutaji jina, hasemi nawe, hakai nawe chini ya paa moja, hapiti njia unayopita. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Shemeji alikuwa na njia yake nyuma ya migomba. Baba akitaka kuzunguka kona ya nyumba alikohoa kwanza, na shemeji akisikia kikohozi aliingia kwenye kahawa mpaka apite. Wakristo walikuwa wamelegeza kidogo: kanisani waliweza kuwa chini ya paa moja, yeye upande wa wanawake, nguo imefunika uso. Lakini nyumbani kulibaki nyumbani. Na shemeji, kwa kuwa ni mgeni, aliishika mila hiyo kuliko wenyeji. Mgeni hutazamwa na kila jicho.

Sijui mama alimweleza nini baba. Ninachokumbuka ni kwamba wakati wa kula alisema, akiwa anatazama moto wala si mimi, "Mchana mimi nina kazi kwenye banda la kahawa. Nyumba inakuwa tupu tu."

Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa nimeshazoea namna yake ya kutoa. Ukimshukuru alikasirika. Kwa hiyo kuanzia kesho yake, baba akishamaliza kula mchana alikohoa kwa nguvu, akatoka kwenda bandani, na shemeji akaja kwa njia yake ya nyuma na mtoto mgongoni. Mama akakaa mlangoni na ungo wake, ili pasiwe na la kusemwa.

Alikuwa mwalimu mkali, na alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Yule Mwingereza alituambia kwamba mistari yote ya picha hukutana mbali, tukaikariri sentensi hiyo bila kuielewa. Shemeji alinishika bega akanigeuza dirishani. "Hesabu njia za uwanja huu. Ya kisimani, ya bandani, ya kwangu. Ungekuwa mchoraji, ungetaka mtu aangalie wapi kwanza? Basi njia zote zielekeze huko." Siku hiyo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakiandika kwenye majaribio kwa mwaka mzima.

Lakini somo lake hasa lilikuwa jingine. Kila alipoweka kadi mezani aliuliza swali lilelile. "Nani hapa hamtazami nani?"

Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye nikaona kwamba yeye picha alizisoma kama alivyosoma uwanja wetu, kwa macho ya mtu ambaye kila siku lazima ajue nani yuko wapi, anaelekea wapi, na macho yake yako upande gani. Palikuwa na kadi moja aliyoipenda. Malaika amepiga goti kushoto, Mariamu amekaa kulia, ameinamisha macho, na katikati yao kuna nguzo nyembamba ya jiwe. "Huyu ni mkwe kabisa," alisema. "Tazama anavyokaa. Na aliyechora alijua, ndiyo maana akawawekea nguzo." Nikacheka, na nikaandika.

Kucheka kwangu kulikuwa na kasoro. Pale nilipokaa, dirishani, niliona banda la kahawa upande wa pili wa uwanja. Lilikuwa banda la kuezeka majani, wazi ubavuni, lenye mashine ya kumenyea kahawa na mapipa ya kuichachushia. Sakafu yake ilikuwa maji matupu. Kazi ya mashine ilikuwa ya asubuhi. Mchana hapakuwa na kazi yoyote humo. Baba alikuwa amekaa tu juu ya kigoda chake chenye egemeo la mgongo, koti la mvua mabegani, akingojea tumalize. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana wake migodini. Nilikuwa nasikia kikohozi chake mpaka ndani, hiki si kile cha kumwarifu mkamwana. Mwenye nyumba alikuwa analowa ili mimi nitazame makanisa. Usiku nilipomsikia akihangaika kifua, nilivuta blanketi masikioni.

Siku moja mvua ilikuja kwa upepo, ikawa inaingia bandani ubavuni. Shemeji alikuwa anaeleza jambo la nguzo za Wagiriki na mimi sikuwa nasikia chochote. Nilisimama, nikatoka mbio. Nilimwinua baba, nikachukua kigoda, nikaja nacho mpaka chini ya dirisha, pale ambapo bati lilitokeza na ardhi ilikuwa kavu. Nikakiweka mgongo wake ukielekea ukutani, uso uwanjani.

"Baba, hapa ni pakavu," nilisema. "Ukuta uko katikati. Hamtaonana."

Alikitazama kigoda. Kisha akanitazama mimi, msomi wake, anayejua mambo. Alikuwa anatetemeka. Akakaa.

Niliporudi ndani, shemeji alikuwa ameacha kusema. Alikuwa amesikia. Alijifunika nguo usoni, akahamia kona ya mbali, na siku hiyo alifundisha kwa kunong'ona. Nilijua nimemtia kwenye taabu, lakini nilijiambia kwamba kheri taabu ya heshima kuliko ya kifua. Na kesho yake, bila mtu kumwambia, baba akaja mwenyewe akaketi palepale.

Halafu sauti ya shemeji ikaanza kupanda. Kidogo kidogo, siku hata siku. Tena akaanza tabia mpya ya kunisimulia picha niliyokuwa nimeishika mkononi.

"Kushoto kuna mwanamke. Amevaa nguo ndefu ya kukunjana, kitabu kipo magotini. Nyuma yake kuna kitanda."

"Shemeji, namwona. Macho ninayo."

"Nyamaza. Mwanafunzi hachagui somo."

Jioni moja baba aliniuliza, akiwa anatazama moto, kama yule malaika mabawa yake ni ya ndege gani, maana yalivyoelezwa yanafanana na ya kanga wa porini. Mimi sikuwa nimemsimulia habari za malaika yeyote. Nikamjibu sijui, nitauliza. Moyoni nilifurahi, na nikaona nimefanya jambo la akili sana. Baba, aliyesema picha zinaleta uvivu wa kusali, sasa alikuwa anawahi kumaliza chakula cha mchana. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Nilijisifu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na mimi nilikuwa karibu kwenda zangu kweli, likizo ilikuwa inaisha.

Mtu aliyetukuta alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa mwenziwe baba, mtu waliyekua pamoja tangu wakichunga ng'ombe. Alikuja kuazima magunia. Alipita njia ya kisimani, na sisi macho yetu yalikuwa kwenye kadi, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Alimkuta baba amekaa chini ya dirisha amefumba macho, na kutoka dirishani inatoka sauti ya mke wa mtoto wake. Hilo peke yake lingeweza kumezwa. Lakini wakati ule ule baba, bila kugeuka, bila hata kufumbua macho, aliuliza, "Na mkononi ana nini?"

Kisha shemeji akasema, "Shemeji, mwambie anayeuliza kwamba ameshika ua."

Sikuwa na haja ya kumwambia mtu. Jibu lilikuwa limeshafika. Jirani alisimama uwanjani, akatuamkia kwa adabu, "Mugonile," akageuka akaondoka bila magunia.

Kikao kilifanyika uwanjani kwetu siku chache kabla sijarudi shuleni. Walikuja wazee wa kanisa na wazee wa ukoo, na kwa jambo hili walikuwa kitu kimoja. Hawakuja kwa ukali. Jirani alieleza alichoona bila kuongeza chumvi, na alionekana hakulala vizuri. Kisha wakamuuliza baba.

"Kigoda nilikibeba mimi mwenyewe," baba alisema. "Na swali niliuliza mimi."

Mama, kutoka upande wa wanawake, akasema yeye ndiye aliyemtaja mwalimu, bila yeye hakuna ambaye angejua. Shemeji hakuweza kuwepo mbele ya baba. Alikuwa nyuma ya nyumba, na maneno yake yaliletwa na mama: kwamba sauti aliipaza yeye, hakuna aliyemwomba.

Hapo nikasimama. Nikasema kigoda nilikiweka mimi, baba hakukibeba, mimi ndiye niliyemwambia kwamba ukuta unatosha.

Wazee walinitazama. Mkubwa wao akatabasamu, tabasamu la kweli, lisilo na ubaya.

"Wewe umeoa?"

"Hapana, mzee."

"Una mkamwana? Una mkwe?"

"Sina."

"Basi huna kosa. Jambo hili haliwezi kumshika mtu asiye na mkwe. Kaa chini, msomi wetu, una mtihani."

Nikasema tena. Nadhani sauti yangu ilipanda, kwa sababu baba aligeuka, mara ya kwanza tangu kikao kianze. "Umeambiwa ukae."

Nikakaa. Kila mtu katika boma letu alipewa sehemu yake ya kosa siku ile, isipokuwa mimi, ambaye lilikuwa langu. Baba alitoa ng'ombe wa kusafisha jambo. Aliondolewa kwenye benchi la wazee wa kanisa, akawa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye upepo. Shemeji aliamriwa arudi kwao hadi mumewe aje kumchukua mwenyewe. Ng'ombe akachinjwa, nyama ikagawiwa, na mimi nikapewa pande la ubavu kama mtu mzima. Nilikula. Ilikuwa nyama tamu, na mpaka leo naichukia ladha ile.

Tuliondoka pamoja, mimi na shemeji na mtoto. Baba hakuweza kumuaga. Tulipopita nyuma ya migomba tulisikia kikohozi kutoka bandani, kile cha zamani cha kuarifu, ingawa hakuwa anakuja popote. Shemeji akasimama kidogo na mzigo wake kichwani, akaendelea.

Kwenye basi kutoka Mbeya nilimwomba msamaha mpaka akachoka. Tulipofika Nyololo, upepo wa pale unakata masikio, nilimshushia mzigo, na alipokwisha kumfunga mtoto mgongoni alinishika mkono.

"Sikiliza. Mimi nilikuwa natwanga na kubeba kuni, nimesahau kama nina kichwa. Usinililie. Malizia kitabu. Usipofaulu ndipo nitakuwa nimefukuzwa bure."

Hayo maneno niliingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Mkuu wa shule aliponiuliza kama nimempata mwalimu nilisema ndiyo, mke wa kaka yangu, akanikodolea macho, lakini jina langu hakulifuta. Na siku ya karatasi ile, kati ya picha tulizopewa tueleze, palikuwa na moja ya malaika na Mariamu. Haikuwa ile ya padre, ilikuwa ya mchoraji mwingine, lakini nguzo ilikuwepo katikati. Nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Niliandika nani hamtazami nani. Niliandika kwamba kuna mahali duniani ambapo kutomtazama mtu ni heshima kuliko kumtazama, na kwamba mchoraji aliweka nguzo kwa sababu hiyo.

Nilifaulu. Somo hilo ndilo nililofanya vizuri kuliko yote, na chuo kikanipokea. Baba alinitaka nimsomee karatasi ya matokeo, na nilipofika kwenye neno la sanaa alinyanyua mkono nirudie. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kigoda, amekipangusa.

"Utapita Nyololo," alisema. "Mpe mwalimu."

"Baba, hawezi kukikalia. Ni cha mkwewe."

"Sikusema akikalie."

Nilikibeba magotini njia nzima, abiria wakinitania kwamba nimepelekwa kuchumbia kwa kigoda. Shemeji nilimkuta nyumbani kwa wazazi wake, anafundisha watoto wa jirani kwenye ukumbi. Kaka yangu alikuja kumchukua baadaye sana, wakaenda kuishi hukohuko kwenye shaba, na uwanja wetu haukumwona tena. Lakini siku hiyo hatukuwa tunajua hayo. Alipoona nilichobeba aliacha kufundisha. Hakukishika kwa mkono mtupu. Alivua nguo ya begani, akakifunika, akakibeba hivyo, akakiweka chini ya dirisha la nyumba yao, mgongo ukutani. Mwanawe hakungoja kukaribishwa. Akakikalia. Mjukuu hana mwiko na babu yake.

"Kifua chake?" aliuliza, bila kumtaja.

"Bado kinamsumbua. Kanisani anakaa mlangoni."

Aliinamisha kichwa. Nikamweleza mtihani, haraka, kwa sababu nilitaka kumpa kitu. Nikamweleza malaika, Mariamu na nguzo, na yote niliyoandika: kwamba hawatazamani, kwamba ni heshima, kwamba mchoraji alijua. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yako kwa mtoto pale chini ya dirisha.

"Ukaandika kwamba wanasikilizana?"

Nilikitazama kile kigoda.

"Sikuandika hilo, shemeji."

"Basi wamekupa maksi za bure," alisema, akaenda kumfuta mtoto kamasi.